Mji wa Tarehe Moja

Ukisoma historia ya mji wetu utadhani miezi mingine yote watu walikuwa wamelala. Tangi la maji lilifunguliwa tarehe kumi na tisa Agosti. Daraja, tarehe kumi na tisa Agosti. Soko, uwanja wa mpira, machinjio, hata choo cha stendi ambacho siku hizi hakiingiliki: vyote kumi na tisa Agosti, miaka mbalimbali, mameya mbalimbali. Kila mwaka siku hiyo redio ya mji humleta mtu mwenye sauti nzito atueleze kwamba tarehe hii ina baraka zake, kwamba wazee wetu waliona mbali. Wazee gani? Tarehe hii ilikuja ndani ya kontena.

Najua, kwa sababu mume wangu ndiye fundi mawe wa halmashauri. Meya wa kwanza alipojenga tangi aliagiza nje jiwe la ukumbusho la marumaru, lililochongwa kwa mashine: "Ufunguzi Rasmi, 19 Agosti", na chini yake nafasi tupu ya mwaka na jina. Aliagiza moja. Likaja kontena zima, maana aliyeandika oda aliweka uzito mahali pa idadi. Kuyarudisha mawe ni gharama, kuyatupa ni kuharibu mali ya umma. Basi ikaamuliwa yatumike mpaka yaishe. Na kwa kuwa jiwe halibadiliki, ikabidi mji ndio ubadilike.

Ndivyo shule ilivyofunguliwa haina paa, kwani Agosti ilifika kabla ya mabati. Daraja nalo lilikaa karibu mwaka mzima limekamilika, limezibwa kwa mapipa, na watu wakivuka mto chini yake wamekunja suruali. "Subira huvuta heri," meya wa pili alituambia. Yeye alikuwa akizunguka kwa gari. Mimi nilicheka tu. Mume wangu alikuwa anapata kazi, nami nilikuwa na cherehani yangu barazani, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nilicheka mpaka ilipofika zamu ya wodi.

Wodi ya wazazi ilijengwa ng'ambo ya barabara, mkabala na baraza langu, ikakamilika Januari. Mapazia nilishona mimi, ya kijani, nikayatundika kwa mkono wangu. Vitanda nikaviona, bado vimevishwa nailoni. Nesi mkunga akaletwa, mshahara akawa anapokea, na kazi yake ikawa kukaa kwenye ngazi za wodi iliyofungwa akifuma vitambaa. Binti yangu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliishia ndani ya teksi, kwenye foleni ya kwenda hospitali kuu upande wa pili wa mji, na mtoto alitoka kimya. Sasa kila asubuhi alitoka nje, akaegemea nguzo ya baraza na kuitazama ile wodi, asirudi ndani mpaka nimwite.

Nikaenda halmashauri kwa Bwana Itifaki, mpangaji wa sherehe zote za mji. Mtu mpole, ananukia sabuni nzuri.

"Mama, nakuelewa sana," akasema. "Lakini wodi haijafunguliwa."

"Imejengwa. Ina maji, ina taa, ina nesi."

"Ndiyo, ila haijafunguliwa. Kwani binti hawezi kusogeza mbele kidogo?"

"Mpaka Agosti?"

"Nilikuwa nauliza tu, mama."

Nilitoka pale na hasira zangu. Nyumbani nikamwambia mume wangu ageuze jiwe moja, achonge tarehe nyingine upande wa nyuma.

"Nyuma halijasuguliwa," akasema. "Halafu wataniuliza, nani kakutuma?"

Mzee huyu huvunja miamba kutwa, lakini akitajiwa ofisi anakuwa mlaini kama unga.

Uchungu ulimshika binti mwishoni mwa Februari, saa za mchana, na siku hiyo barabara ya hospitali kuu ilikuwa imefungwa kupisha msafara wa wageni. Sikuuliza mtu. Nilimshika mkono tukavuka barabara. Anasimama, anainama, anakwenda, mpaka mlangoni pa wodi. Nesi aliinuka, uzi ukamwanguka. Mlinzi wa wodi akatanua mikono.

"Mama, siwezi. Ufunguo ninao, lakini ikifunguliwa leo imefunguliwa. Meya atakuja kufungua nini?"

"Mwanangu, nani kakwambia ufungue rasmi? Rasmi atafungua Meya. Wewe fungua ovyo tu."

Akafikiri. Amri aliyopewa ilihusu kufungua rasmi. Juu ya kufungua ovyo hakuna aliyemwambia lolote. Binti yangu akapiga ukelele mmoja, na mlango ukawa wazi.

Mjukuu wangu alizaliwa juu ya nailoni, nyuma ya mapazia yangu, akalia kwa nguvu hata mlinzi kule nje akasema, "Alhamdulillahi!" Nililia mimi, akalia na nesi. Binti yangu hakulia. Alimkumbatia mwanawe, akawa anamsikiliza tu anavyolia.

Kesho yake Bwana Itifaki akaja barazani. Hakugombana na mtu.

"Hongereni, mtoto mzuri," akasema. "Tatizo ni kwamba hajazaliwa."

Akatufafanulia taratibu. Cheti cha kuzaliwa hutolewa kwa jina la mahali alipozaliwa mtoto, na wodi haina jina mpaka ifunguliwe. Kusema kazaliwa nyumbani hatuwezi, kwa sababu kuzalia nyumbani kumepigwa marufuku na kuna faini.

"Lakini msihofu, tumempangia. Atazaliwa tarehe kumi na tisa Agosti, alfajiri. Mtoto wa kwanza wa wodi! Meya atambeba mwenyewe, na cheti atamkabidhi mama palepale."

"Na mpaka hapo?" binti akauliza.

"Mpaka hapo msimtoetoe nje."

Kliniki walitugeuza mara mbili: mtoto ambaye hajazaliwa hachanjwi. Kila alipokohoa niliacha cherehani nikamkimbilia. Binti yangu alikonda, akawa halali ila ameweka mkono kifuani pa mtoto, ahakikishe kwamba yupo.

Agosti ikafika. Turubai likafungwa, zulia jekundu likatandikwa, spika zikaunguruma tangu asubuhi. Binti yangu alivishwa gauni la wodi akaambiwa aonekane amechoka. Mtoto alivingirishwa blanketi la kichanga, miguu yake minene ikitokeza nje. Meya akambeba, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Mtoto huyu amezaliwa alfajiri ya leo!"

Mtoto akajifunua blanketi, akakaa kitako kwenye mkono wa mheshimiwa, akakinyakua kipaza sauti na kukiuma kwa meno yake mawili. Spika zikatoa mngurumo. Nikajua tumekwisha. Lakini Meya hakuupata umeya kwa kuokota.

"Mnaona!" akapaza sauti. "Mnaona wenyewe kasi ya maendeleo!"

Makofi yakalipuka. Wakapiga hata majirani waliokuja kwangu mwezi wa tatu, na sabuni na nepi, kumtazama mtoto huyohuyo. Niliona aibu kwa niaba yao, kisha nikaona viganja vyangu navyo vinapiga.

Cheti kikatolewa. Binti yangu akakisoma chote, akakikunja, akakitia kifuani. Ndipo akamchukua mwanawe kutoka mkononi mwa Meya, na kipaza sauti kikaja naye, maana mtoto hakukiachia.

"Mwanangu ana miezi sita," akasema, na sauti ikaenea mpaka barabarani. "Alizaliwa Februari kwenye kitanda kile pale, wodi ikiwa imefungwa kuingoja siku hii. Mwenzake aliyemtangulia alifia njiani. Tangu Januari wamefia njiani wangapi?"

Nesi aliinamisha kichwa, mlinzi akavua kofia. Kisha mtu mmoja wa viti vya mbele akapiga makofi, na jirani yake, na turubai zima, vilevile walivyompigia kila aliyesema asubuhi ile. Meya naye alipiga. Bwana Itifaki akampa binti yangu mkono, akamshukuru kwa risala nzuri, akamwita msemaji anayefuata.