Maneno ya Penseli

Mwaka wa kumi na tisa huu nasomesha riwaya za Kimarekani, na siku zote nimejiona hodari wa kuchambua. Kila Jumamosi wanafunzi sita huja nyumbani kwangu Sib, hapa Oman, kujitayarisha kwa mtihani. Safari hii tulikuwa na riwaya ya zamani yenye mpishi ambaye, baada ya miaka thelathini, anawaambia matajiri wake kwamba nyumba yao ndiyo kwao yeye pia. Maelezo yangu hayajabadilika tangu nianze kazi: dhamira ni uaminifu.

Asubuhi hiyo nikakuta maneno ya penseli pembeni mwa ukurasa. Yalisema huu si uaminifu, kwani hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka kuondoka.

Mwandiko niliujua, ndio unaoandika orodha ya sokoni. Ni wa Nakayiza, dada wa kazi kutoka Uganda. Siku aliyofika aliniambia kwao alikuwa mwalimu, nami nikamwonesha jiko. Mara mbili ameniomba ruhusa ya kwenda kumuona mwanawe, na mara zote mbili nimemwambia angoje mitihani ipite.

Darasani niliyasoma maneno yale kana kwamba ni yangu. Vijana wakaweka simu chini. Badr, ambaye hasifu kitu, akauliza, "Mwalimu, hii umeitoa wapi? Kwenye mtandao haimo."

Nakayiza alikuwa ameinama ananimiminia kahawa.

"Nimeifikiria mwenyewe," nikasema.

Akamaliza kumimina, akatoka. Uso uliniwaka. Mwanamke mzima, nywele zina mvi, naiba jawabu kama mtoto wa darasa la nne.

Walipoondoka nikamfuata jikoni. "Nakayiza, nnakuomba radhi. Jumamosi ntawaambia ni yako."

"Usiwaambie, Mama," alisema, akiendelea kuosha vikombe. "Watakuuliza mengine."

Sikumwelewa. Nilidhani ananionea huruma, nikafurahi kidogo, na hilo nalo linanitia aibu hadi leo.

Jumamosi nikawaambia. Nilisema kweli yote, hata ule uongo wangu, na nikangoja wanione muungwana. Badr akautazama mlango wa jikoni, kisha akanitazama mimi.

"Na yeye, mwalimu, ameulizwa?"

Jikoni maji yaliacha kumwagika. Nikawaambia wafungue sura inayofuata.