Bi Kobe Hasemi Hivyo

Kwa miaka kumi na minne Kokushubila alikuwa sauti ya Bi Kobe katika Mafundi wa Bondeni, kipindi cha katuni ambacho kila jioni huwakalisha kimya watoto wa Temeke na Kinondoni. Picha zake huchorwa nje ya nchi. Sauti za Kiswahili huingizwa Mabibo, katika vyumba viwili vilivyo juu ya duka la vifaa vya umeme, si mbali na soko. Ndani ya katuni hiyo wanyama hujenga: Punda hubeba maji, Nungunungu hupima kuta, na Bi Kobe huchanganya zege huku akiwafundisha wenzake.

Kazi hiyo aliipata kwa ugomvi. Alikuwa saidia fundi kwenye kiwanja cha jirani, na mkurugenzi wa studio wa wakati huo alishuka kuwaomba wapunguze kelele. Kokushubila, karai likiwa kichwani, alimjibu kwamba zege limeshachanganywa na haliwezi kusubiri kipaza sauti chake. Kama anataka utulivu aje Jumapili, wao watakuwa kanisani. Mkurugenzi aliisikiliza sauti kuliko maneno. Wiki iliyofuata akamwita. Tangu hapo Kokushubila alirekodi siku mbili kwa wiki, na siku nyingine aliendelea kubeba karai, maana hakuona sababu ya kuacha kazi aliyoijua.

Ilimchukua muda kuelewa uzito wa kile alichokuwa akikisema. Watu wengi wa pembezoni mwa jiji hujenga wenyewe, chumba leo, chumba mwakani. Hawana mhandisi. Wana fundi waliyeelekezwa na jirani, na Jumamosi wanasimama pale, mikono nyuma, wakitazama kazi wasiyoijua. Siku moja huko Mtoni alimsikia mama mmoja muuguzi akimkatalia fundi asipandishe tofali juu ya linta mpya, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha.

"Bi Kobe kasema linta inywe maji siku saba kwanza," yule mama alisema. "Mie na wanangu tumemsikia."

Fundi alinuna, kisha akaenda kuchota maji. Kokushubila alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameshika ndoo, na hakujitambulisha. Usiku alipiga magoti akamwomba Mungu alinde kinywa chake, kisije kikawaangushia watu nyumba.

Ndiyo maana Jumapili moja baada ya ibada, alipokuwa akisoma maneno ya kurekodi kesho yake, aliurudia ukurasa wa sita mara tatu.

Wanyama walikuwa wanajenga daraja dogo la watoto wa kwenda shule. Zege lilikuwa limechanganywa, rundo zima, na jua linazama. Bi Kobe anapiga miayo, kisha anasema: "Tumechoka, marafiki. Tuliache zege nalo lipumzike. Kesho tutaliongeza maji, litakuwa kama jipya." Wote wanalala. Asubuhi wanaongeza maji, wanamwaga, daraja linasimama, watoto wanavuka wakiimba. Chini ya ukurasa pameandikwa fundisho la wiki: kupumzika ni muhimu.

Kokushubila hakuwa na ugomvi na mapumziko. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Lakini alipumzika kazi ikiwa imekwisha.

Saruji ikishaguswa na maji haina kesho. Inaanza kushikana ndani ya saa chache, na ukiirudishia maji siku ya pili italainika machoni tu. Nguvu yake imekwisha kuondoka. Kwa hiyo kwenye kiwanja hakuna anayekwenda nyumbani zege likiwa chini. Watu hula kwa zamu. Mwenye mgonjwa huondoka baada ya kumkabidhi mwenzake karai mkononi. Hata walevi wanaijua sheria hiyo.

Alimpigia simu Rogers, mkurugenzi wa sasa. Rogers alimsikiliza kwa heshima, akamwambia asijali, maneno yamepitishwa na wenye kipindi huko nje, na mtafsiri ni mtu msomi. Kisha akamkumbusha awahi, maana siku hizi wanarekodi vipindi vitatu kwa siku.

Jumatatu aliwahi. Nassibu, fundi sauti, alimpa shikamoo na kumwekea kiti. Jonas, aliyekuwa sauti ya Punda, alikuwa tayari anasafisha koo kwa mlio uliomfanya muuza duka wa chini agonge dari na ufagio. Taa nyekundu ikawaka. Walianza vizuri. Ukurasa wa kwanza hadi wa tano Bi Kobe alikemea, alisifu, alihesabu ndoo. Walipofika wa sita, kobe kwenye skrini alipiga miayo, akafungua mdomo, akaufunga. Kokushubila hakuusoma mstari wake.

"Mama, umepotea mstari," Rogers alisema kutoka upande wa pili wa dirisha la kioo.

Kokushubila alisema hajapotea.

"Basi tuendelee. Jamani, muda. Zege halilali."

Jonas alicheka kabla ya mtu mwingine yeyote. Rogers alisema maneno hayo mara kumi kwa siku, kama wanavyoyasema wauza mitumba na madalali na wachungaji wanaotaka sadaka iishe kukusanywa. Hakuwahi kulishika koleo.

"Umelisema mwenyewe," Kokushubila alimwambia. "Sasa nionyeshe hapa kwenye karatasi. Mbona la kwako linalala?"

Rogers aliingia ndani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uchovu wa mtu anayepigiwa simu na watu wa mbali. Aliketi, akaeleza polepole kwamba hii ni katuni, na kwenye katuni mambo hayaendi kama duniani.

"Punda anavaa kofia ngumu, mama. Nungunungu ana futi ya kupimia. Hayo hujawahi kuyakataa."

"Punda kuvaa kofia hakumwui mtu," alisema Kokushubila. "Hakuna mama wa Pugu atakayemvalisha punda kofia kwa sababu yangu. Lakini zege la jana atalimwaga."

Jonas aliuliza kama punda wake angeweza kupewa mstari wa kukubaliana na Bi Kobe.

Rogers akamgeukia Kokushubila, akamwuliza anataka nini. Kokushubila alikuwa amelifikiria usiku. Picha haziwezi kuchorwa upya, hilo alilijua, lakini mdomo wa kobe unafunguka tu, hausemi chochote. Anayesema ni yeye. Aachwe ageuze maneno machache. Rogers alikataa. Alisema kila neno linakaguliwa, na akigeuza moja leo kesho watanyang'anywa kipindi chote. Akamwambia atoke nje dakika kumi apoze kichwa, akirudi asome kilichoandikwa.

Alisimama kwenye ngazi. Chini, vijana walikuwa wanapakua ndizi na kutukanana kwa upendo. Aliomba. Hakuomba Rogers abadilike, wala hakuomba ajira yake ilindwe, ingawa aliipenda na hakujua angekuwa nani bila Bi Kobe. Aliomba asiogope tu. Alipomaliza aliona bado anaogopa, akarudi hivyo hivyo.

Taa ikawaka. Kobe akapiga miayo, na Kokushubila akasema kwa sauti ile ile ya miaka yote:

"Tumechoka, marafiki. Tunalala na kuliacha zege chini. Haya tunayofanya ni makosa."

Kwenye skrini wanyama walijinyoosha wakalala. Kukapambazuka. Jonas alitakiwa aseme kwamba amepumzika vizuri sana. Alimtazama Kokushubila, akatazama karatasi yake, akaiweka chini.

"Bi Kobe, nani alituambia tulale?" Punda aliuliza.

"Uvivu wetu. Hili limekufa, Punda. Tunalitupa shimoni, tunachanganya jingine. Watoto hawavuki juu ya zege la jana."

Taa ikazimwa. Rogers alikuwa amesimama nyuma ya kioo, kidole bado kwenye kitufe. Alipoingia hakupaza sauti. Alisema basi, mama, umechagua wewe. Halafu akasema jambo ambalo Kokushubila hakulitegemea: hawamhitaji tena kwa mstari huo. Miaka kumi na minne ya sauti yake imo ndani ya kompyuta. Akamwagiza Nassibu autengeneze mstari huo kutoka humo.

Nassibu alitazama chini, akafanya alichoagizwa. Haikuchukua hata nusu saa. Kisha akabonyeza, na Bi Kobe akasema kutoka kwenye spika, kwa joto lote na ule mkwaruzo mdogo wa Kihaya usiotoka: "Tuliache zege nalo lipumzike. Kesho tutaliongeza maji."

Kokushubila alihisi kama mtu aliyejiona amelala kitandani mwake huku yeye mwenyewe yuko mlangoni. Hapakuwa na kasoro. Hata mama yake mzazi angeapa ni yeye.

"Unaona?" Rogers alisema, karibu kwa huruma. "Itasemwa tu. Uwepo usiwepo. Sasa si bora ukaisema mwenyewe, ukabaki na kazi yako?"

Kokushubila alivua vipokea sauti vya masikioni akaviweka mezani.

"Hiyo sauti mmeiba," alisema. "Iacheni iseme. Ila na mie mdomo ninao, na haukai ndani ya kompyuta yenu. Nitapita kiwanja kwa kiwanja, popote nitakapoona karai. Nitawaambia aliyesema vile siyo mimi. Na wewe, Rogers, ukija kujenga, huna haja ya kuniita nikuonye kuhusu zege la jana. Nitakuja bila kuitwa."

Kipindi kilitoka Jumatano, wiki tatu baadaye. Alikitazama kwa jirani, amesimama mlangoni. Watoto wa jirani waligeuka wakamwangalia, kisha wakaangalia televisheni, kisha yeye. Aliwaambia hayo si maneno yake. Mmoja akauliza kwa nini basi ni sauti yake.

Jumamosi alikuwa Pugu, kibarua kati ya vibarua kumi, kwenye nyumba ya karani mmoja anayeitwa Eliaichi, aliyekuwa anamwaga linta. Mpaka saa kumi kazi ilikuwa imefika robo tatu. Mawingu yakaanza kushuka upande wa msitu, na wawili walitaka kuwahi nyumbani. Fundi mkuu alitazama rundo lililobaki. Akapendekeza walifunike kwa turubai. Kesho wataliongeza maji, hakuna shida.

Eliaichi alisita, akatazama mbingu.

"Labda ni sawa," alisema. "Hata Bi Kobe alisema hivyo Jumatano. Tulimwona na watoto."

Kokushubila alilitua karai.

"Bi Kobe hasemi hivyo," alisema, si kwa sauti yake ya kawaida bali kwa ile ya kobe.

Makoleo yalisimama. Kijana mmoja aliyekuwa juu ya jukwaa aliinama kumtafuta kobe ni yupi. Eliaichi alimkaribia, akamtazama mdomoni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, dada. Yule wa Jumatano walimtengeneza."

Fundi alisema vichekesho vitawaletea mvua. Akauliza kwa nini wamwamini kibarua wa Pugu wamwache kobe wa televisheni, na watu wakacheka. Kokushubila hakubishana. Alimshika Eliaichi mkono akampeleka kwenye nguzo ya kona. Chini yake palikuwa na pengo ambalo asubuhi mtu alikuwa amelikandika kwa zege lililobaki jana, baada ya kulirushia maji. Lilionekana zima. Kokushubila alichukua kidole cha Eliaichi akakisukuma pale. Zege likamomonyoka kama andazi la juzi, likawajaa viganjani.

"Usiamini sauti," alisema. "Yangu inaweza kuibwa. Mkono wako hawawezi kuuiba."

Eliaichi alitazama vumbi kiganjani mwake, kisha akatazama ukuta ambao wanawe wangelala chini yake. Alifunga kanga kiunoni, akaokota karai lililokuwa karibu.

"Hakuna anayeondoka," alimwambia fundi.

Mvua iliwakuta wamebakiza karai sita. Walimwaga zote, wakafunika linta, wakasikia adhana ya magharibi wakiwa wananawa. Fundi hakumuaga Kokushubila. Jumamosi iliyofuata Kokushubila aliona karai kwenye nyumba nyingine, ng'ambo ya barabara, akaenda huko ambako hakuna aliyemwita.