Lami Aliyoipasha Moto Faudhia

Ndugu zangu wa Visiga, mashine ya mwanangu Faudhia ikipita barabarani, msiikanyage lami mpaka ipoe. Haitoi moto wala moshi, ila inaunguza. Mimi nilikuwepo siku ya majaribio.

Miaka miwili nyuma Faudhia alichanganya nyuzi za chuma, kama zile tunazosugulia sufuria, kwenye kipande cha lami hapa kwetu. Mwaka huu kikapata ufa. Mhandisi anayemsimamia kazini akamwambia, "Ufa usipozibika leo, tunakifukua kipande chote." Asubuhi ile mwanangu hakugusa chai.

Mashine ikapita polepole juu ya ufa, inavuma tu. Mzee Mwinyimadi, jirani yetu, akacheka.

"Mama Faudhia, moto uko wapi? Au binti anausomea dua?"

"Subiri kwanza, mzee wangu."

Hakusubiri. Alivua kandambili, akaweka kisigino. Alirukia kwenye majani kwa mguu mmoja, watu hawana mbavu.

"Pole, babu," Faudhia akamwambia. "Mashine inachemsha zile nyuzi za chuma ndani kwa nguvu ya sumaku. Lami inayeyuka, inajishika yenyewe."

Ilipopoa, mhandisi akamwaga ndoo ya maji pale penye ufa. Maji yakatulia juu, halikuzama hata tone. Akainama, akapapasa kwa kidole.

"Faudhia, jiandae. Wiki ijayo tunaanza barabara ya Kisarawe."

Nilipiga vigelegele peke yangu kwanza, halafu barabara nzima ikaitikia.