Alipiwe au Atoswe

Loveday, mama wa mavazi, alimshika Denzil mkono wa kushoto, akaugeuza chini ya taa, akasita na brashi yake ya rangi nyekundu hewani.

"Haya makovu nani kakupaka? Mazuri kweli. Yangu mimi hayajawahi kutoka hivi."

"Nimekuja nayo," Denzil alisema.

"Umekuja nayo kutoka wapi?"

"Nyumbani."

Loveday akacheka, akampiga kofi la begani. Kwake yeye mzee huyu alikuwa mtani tu. Alipaka rangi juu ya makovu yenyewe, akazungushia kamba, akarudi nyuma hatua mbili kutazama kazi yake. Denzil Penhallow, miaka hamsini na tisa, serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, katika meli za mizigo kwa miaka thelathini, alikuwa amevalishwa shati lililochanwachanwa kwa makasi na suruali inayoishia magotini. Nje ya pazia familia zilikuwa zikiingia Ngome ya Maharamia, jumba la maonyesho ya watoto, na makoti yaliyolowa mvua. Watoto walikuwa wameshagawiwa kofia za karatasi zenye fuvu la kichwa.

Kilichomleta hapa ni Pasaka. Katika Porthenys, mji huu wa pwani, mtu asiye na nyumba hupanga chumba mwezi wa Oktoba akijua kabisa kwamba Pasaka ikikaribia atafunga virago awapishe wageni wa likizo. Denzil alishafanya hivyo miaka minne mfululizo, na kila mwaka alibahatika kupata mahali pa kujibanza mpaka baridi irudi. Mwaka huu hakubahatika. Alikwenda ofisi ya ajira na mfuko wake wa nguo mgongoni, akakaa mbele ya msichana anayeitwa Tamsin.

"Hapa ipo kazi, mzee, tena na kitanda juu," Tamsin alisema, macho kwenye kompyuta. "Ngome ya Maharamia. Wafanyakazi wanalala kwenye karavani nyuma ya maegesho. Wanatafuta mateka."

"Nipe nyingine. Kufagia, kuosha vyombo, chochote."

"Vyombo vimeshapata waoshaji. Kwani hii ina ubaya gani?"

"Mimi na maharamia hatupatani."

"Nani anapatana nao?" Tamsin alicheka. "Umeshawahi kufanya nao kazi?"

Denzil aliuteremsha mfuko wake chini. Alikuwa na mazoea ya kunyamaza jambo hilo likitajwa, hata kwa dada yake hakuwahi kulieleza. Lakini alikuwa amechoka, na mfuko ulikuwa umemwacha na maumivu ya bega.

"Nilikaa nao miezi kumi na moja. Waliikamata meli yetu Ghuba ya Aden."

Msichana aliacha kucheka. Huruma ilimjaa usoni, na haikuwa ya kuigiza. "Pole sana, mzee wangu. Pole kwa kweli." Vidole vyake vikabaki juu ya vitufe. "Sasa sikiliza. Hiyo nikiiandika kwenye afya, watataka barua ya daktari. Nikiiandika kwenye uzoefu, watakuchukua leo hii."

"Daktari nimeambiwa nafasi iko Agosti."

"Ndiyo hivyo. Na ukikataa kazi bila barua, posho yako ya kukosa kazi inasimama miezi mitatu. Si mimi, mzee. Mfumo ndivyo ulivyo."

Akaiandika kwenye uzoefu.

Onyesho lilikuwa mara tano kwa siku. Kijana mmoja mrefu, Jago, ndiye aliyekuwa Nahodha Mfupa, mwenye kofia ya manyoya na upanga wa plastiki. Jago alisomea uigizaji chuo kikuu miaka mitatu, na usiku alilala kitanda cha pili ndani ya karavani ileile ya Denzil, kibanda cha magurudumu. Alimburuta mateka jukwaani kwa kamba, akamtishia, akamtekenya, kisha akawageukia watoto na kuuliza swali walilolipia kiingilio: "Alipiwe au atoswe?"

"Atosweee!"

Hawakuwahi kusema alipiwe. Denzil alisukumwa kwenye ubao mwembamba, akadondoka ndani ya bwawa la mipira ya sponji ya rangi ya buluu, na muziki ukapigwa.

Meneja, Bwana Curnow, alimwita pembeni siku ya pili. Alikuwa mtu mpole, mwenye kifaa cha kusikilizia kwenye sikio na pipi mfukoni kwa ajili ya watoto wanaolia.

"Denzil, ndugu yangu, uso. Uso wako unatutia hofu. Mateka wetu ni wa kuchekesha. Analia, ndiyo, lakini kilio cha furaha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Bado umo kwenye majaribio ya wiki mbili, eti? Nataka ubaki. Nakupenda. Tabasamu, nipe meno tu."

Akampa meno. Alijifunza kuyatoa kamba ikivutwa na kuyafunga akiwa chini ya sponji ambako hakuna anayemwona. Aliangalia kofia ya manyoya ya Jago ili akumbuke kwamba huyu siye. Wale aliowajua yeye hawakuvaa manyoya. Walikuwa vijana wakondefu wenye kandambili zilizoshonwa kwa waya, na mmoja wao alivaa jezi ya mpira aliyomvua Rodel.

Rodel Magbanua alikuwa mpishi, mtu wa Iloilo, huko Ufilipino. Aliimba akikaanga, aliimba vibaya, na mabaharia walimpigia kelele anyamaze ili aendelee. Mwezi wa nne wa kifungo chao alimwokea Denzil keki ya siku ya kuzaliwa kwa unga uliojaa fukusi. "Fukusi ni nyama, serahangi," alimwambia. "Siku hizi nyama ni ghali." Denzil aliipenda roho ya mtu yule kuliko ya ndugu zake wa tumbo moja.

Mwezi wa saba maharamia walichoka kungoja fidia. Nahodha wa meli alikuwa taabani kwa homa, kwa hiyo simu ya setilaiti alipewa Denzil. Rodel alipigishwa magoti kwenye sitaha. Upande wa pili wa simu, katika ofisi ya kampuni yenye meli, alikuwepo bwana mwenye sauti ya upole. Denzil alimwomba. Alimwomba kwa jina la Mungu ambaye hakuwa akimwabudu. Yule bwana akasema suala liko kwa mawakili, na kwamba ofisi inafunga saa kumi na moja, na leo ni Ijumaa. Akatakia kila mtu uvumilivu. Simu ikakatika, na baada ya simu, bunduki ikalia.

Rodel alilazwa ndani ya friza la meli, katikati ya maboksi ya samaki, kwa miezi minne. Waliobaki walikula samaki hao. Denzil aliporudi Porthenys alikuta barua ya kampuni imemtangulia: mshahara wake ulikoma siku meli ilipotekwa, kwa sababu tangu siku hiyo hakuna kazi iliyofanyika.

Siku ya saba, kwa ajili ya likizo ndefu, Bwana Curnow alileta kitu kipya. Lilikuwa gamba kubwa la konokono wa baharini, limepakwa rangi ya dhahabu.

"Mfupa anamwekea mateka sikioni," alieleza. "Anamwambia, ongea na tajiri wako akulipie. Mateka anaomba. Halafu kwenye spika, mimi mwenyewe: Nipigieni kesho, nakunywa chai! Watakufa kwa kicheko."

"Niseme nini?" Denzil aliuliza.

"Chochote. Mradi uombe."

Ukumbi ulijaa. Baba mmoja mstari wa mbele alikuwa amempakata bintiye, wote wawili na vitambaa vya jicho moja. Jago alimpigisha Denzil magoti, akamwekea gamba sikioni, akasema maneno yake kwa sauti nzito. Gamba lilikuwa baridi. Lilivuma ndani, mvumo uleule wa simu inayotafuta mtu mbali.

Denzil alifungua mdomo atoe meno.

"Usikate simu, bwana," alisema.

Kicheko kikapasuka. Simu! Haramia wa zamani na simu! Baba wa mstari wa mbele alijipiga paja.

"Tafadhali usikate. Ni mpishi tu, hajamkosea mtu. Anaitwa Rodel. Ana mke, Marilou, ana watoto watatu, mdogo hajamwona bado. Piga simu ya mezani hapo, waite wakubwa wako, wako wapi wakubwa wako? Usifunge ofisi, bwana. Rodel! Rodel, usiwaangalie, niangalie mimi!"

"Nipigieni kesho," ikasema spika, "nakunywa chai!"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Denzil alikuwa amekwishashikilia mguu wa Jago, makamasi yakimtoka, akiomba kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Kadiri alivyoomba ndivyo walivyocheka, na simu za mkononi ziliinuliwa juu kurekodi. Walipomsukuma kwenye ubao alianguka ndani ya sponji na hakuinuka. Jago aliruka ndani, akamvuta kwa makwapa. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi.

Nyuma ya pazia Jago alivua kofia yake ya manyoya.

"Mzee. Rodel ni nani?"

Denzil akamwambia. Yalimtosha maneno machache. Kijana aliutupa upanga wake wa plastiki, akatoka mbio kumtafuta meneja, na baada ya saa moja hivi wote watatu walikuwa ofisini, Bwana Curnow ameweka kikombe cha chai mbele ya Denzil na biskuti mbili pembeni.

"Ningejua," Bwana Curnow alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikujulikana ni kwa kicheko cha awali au kwa habari hii. "Pole, ndugu yangu. Kweli kabisa, pole."

"Basi tuliache hilo gamba," Jago alisema.

"Tutaongea. Lakini tuseme ukweli kidogo, Jago. Ile video imeshasambaa. Simu ya mapokezi haipumui, Jumamosi yote imejaa. Watu wanauliza saa ngapi anatoka yule mzee wa simu." Akamgeukia Denzil, akateremsha sauti. "Mimi nakupa mkataba leo. Msimu mzima. Karavani mpaka Oktoba, hutamwona Tamsin tena. Hakuna anayejua Rodel ni nani. Kwao ni jina tu la kuchekesha."

"Nikitumia jina lingine?"

"Jaribu. Mimi si katili."

Alijaribu onyesho lililofuata. Alimwita mpishi Petrok, akamwombea huyo Petrok kwa bidii, na maneno yakamtoka makavu. Watoto wawili wakaanza kupigana mstari wa tatu. Mama mmoja alitazama saa.

Bwana Curnow alimngoja mlangoni. Hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Unaona mwenyewe," alisema. "Rudisha Rodel."

"Yule mtu amekufa, bwana."

"Najua. Na sisi wengine tunatafuta riziki." Mkataba ulikuwa kwenye ubao wa kuandikia, na kalamu imefungwa kwa uzi. "Ukitaka kuondoka sikushikilii. Ila nitalazimika kuandika kwamba umeacha kwa hiari yako, na hiyo unajua ofisi ya ajira wanavyoitazama. Karavani ningeihitaji kabla ya jioni."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Kwenye maegesho magari ya wageni yalikuwa yamepangana mpaka barabarani. Denzil alifikiria mji mzima, nyumba hadi nyumba, na kila mlango alioukumbuka, funguo zake alikuwa nazo mgeni. Aliishika kalamu, akaandika jina lake polepole, kama mtu anayeandika kwa lugha asiyoijua.

Jumamosi asubuhi bango jipya lilikuwa langoni: NJOO UMWOKOE RODEL MPISHI! Loveday, ambaye hakuna aliyemweleza kitu, alikuwa amekesha akishona mwanasesere wa ukubwa wa mtu, mwenye kofia nyeupe ya mpishi na mashavu mekundu. Alijivunia sana. Aliomba wampige picha akiwa amemkumbatia.

Mpango ulikuwa umebadilika kidogo. Mwanasesere alipigishwa magoti kwenye ncha ya ubao. Denzil alisimama nyuma yake na gamba sikioni, akaomba. Aliomba vizuri. Spika ikanywa chai yake, watu wakacheka, na Jago akasogea mbele ya jukwaa kuuliza swali. Alimtazama Denzil.

Watoto hawakungoja waulizwe. Walishaiona video, walikuwa wanajua yote.

"Atoswe! Rodel atoswe!"

Mia mbili na zaidi, na kofia zao za karatasi, miguu yao mifupi ikipiga sakafu kwa furaha. Kwa mujibu wa mpango mpya, kumsukuma ilikuwa kazi ya mateka mwenzake. Denzil aliweka viganja vyake viwili kwenye mgongo wa mwanasesere. Ulikuwa laini, umejazwa sponji, mwepesi mno. Kando ya pazia Bwana Curnow alikuwa akimwonyesha kwa vidole, kwa upole kabisa, pembe mbili za mdomo: meno, Denzil, meno. Denzil hakusukuma na hakutoa mikono. Ukumbi ukadhani ni sehemu ya mchezo, ukaanza kumhesabia kwa pamoja, baba na mama na watoto: tano, nne, tatu.