Nia ya Apiyo

Hebu niambie, ukienda kwenye sala za watu kwa ajili ya kuzitazama tu, utakaa wapi: mkekani pamoja nao, au kwenye kiti karibu na mlango? Usijibu haraka. Apiyo alichagua kiti.

Mwaka ule mitumba na makanisa mapya viliingia Buzuruga kwa pamoja. Unakwenda kuchota maji, ukirudi unakuta hema limesimama palipokuwa na mihogo, na spika imefungwa juu ya mwarobaini. Wasomi nao wakaja kutazama. Apiyo alitoka chuo kikuu, anasomea dini. Si kwamba awe sista au mchungaji, hapana. Alisomea namna watu wanavyosali, na kwa nini wanahama kutoka kanisa hili kwenda lile. Alikuwa amesoma sekondari na binti yangu Modesta, basi akafikia kwangu.

Jioni ya kwanza tulikaa uani tukimenya viazi vitamu, nikivikata vipande vyembamba vya kuanika michembe. Hapo ndipo aliponiambia lililomkaa moyoni. Baba yake, Mzee Odongo, ni mzee wa kanisa huko kwao Shirati. Aliposikia binti yake anaisomea dini kama mabwana shamba wanavyosomea pamba, alisema Mungu hapimwi kwenye mizani. Tangu hapo hasemi naye. Wanakula meza moja, na chumvi ikiwa mbele ya Apiyo, mzee anamwambia mtoto mwingine amsogezee.

"Sasa wewe unataka nini, mwanangu?"

"Aseme na mimi tu, mama. Hata kwa kunigombeza."

"Si umwambie Mungu?"

Akacheka kidogo. "Mwalimu wangu anasema mtafiti asijitumbukize. Nikianza kuomba na mimi, nitatazama kwa macho ya nani?"

Kiazi changu kilikuwa na tundu la mdudu, nikalichimba taratibu kwa ncha ya kisu mpaka likaisha.

Jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika ilikutana Jumamosi asubuhi, nyumba hii leo, nyumba ile wiki ijayo. Injili ikishasomwa, kila aliyepo anatoa nia yake kwa sauti, kwa zamu, kuanzia kulia kwa mwenye nyumba. Nia si lazima iwe kubwa. Mtu anaombea goti lake, mwingine ndama aliyepotea. Mama mmoja aliwahi kuombea redio ya mumewe iharibike, nasi tukaitikia. Ila kunyamaza hakukubaliki. Kwetu anayenyamaza hudhaniwa ameficha jambo zito la aibu.

Zamu ikamfikia Apiyo. "Mimi napita," akasema.

"Kupita ni kwenye karata, dada," akasema Malimi, fundi cherehani, ndiye mwenyekiti wetu. Watu wakacheka.

"Niko kazini, baba."

"Na Mungu naye yuko kazini. Haya, endeleeni."

Wiki iliyofuata akapita tena. Ndipo Malimi, kwa huruma kabisa, akamtolea nia yeye mwenyewe: "Tumwombee binti yetu msomi. Umri unakwenda, vitabu havizai. Apate mume mwema."

"Ee Bwana, utusikie!" Hata mvua hatukuwahi kuiombea kwa sauti ile.

Mimi nilijua ukweli, lakini jambo halikuwa langu la kutangaza. Tuliporudi nyumbani nikamuuliza mbona hakuwasahihisha.

"Ndicho nilichokuja kutazama, mama. Watu wakikosa nia ya mtu, wanamtungia." Akaanza kuandika huku anatabasamu. Baadaye nikaona kalamu imesimama, na anatazama ukuta.

Jumamosi iliyofuata zamu ilikuwa ya nyumba yangu. Nilichemsha chai ya maziwa, nikatandika mikeka yote miwili. Wilhelmina, jirani yangu, akaingia na mpwa wake Luhaga, dereva wa lori la samaki. Kijana amevaa koti la mitumba, mikono imemfunika mpaka vidole. Wilhelmina akamketisha mahali ambapo Apiyo hawezi kumkwepa.

"Bwana amejibu upesi," akanong'ona Malimi, lakini kunong'ona kwa Malimi kunasikika mpaka barabarani.

Nia zikaanza. Wilhelmina akashukuru kwa mambo mema yanayokuja. Zamu ya Luhaga ilipofika, kijana wa watu akakosa pa kutazama. "Mimi... naombea matairi," akasema, na jasho likamtoka.

Hakuna aliyecheka. Nikamwona Apiyo anamtazama yule kijana, jinsi anavyokunja mikono ya koti na kuikunjua.

Kisha ikawa zamu yake. Malimi akasubiri, halafu akauliza kwa upole, "Binti, tukusaidie tena?" Watu wakafumba macho, tayari kuitikia.

"Hapana, baba, msinisaidie." Akageuka. "Kaka Luhaga, samahani. Wamekuita kwa ajili ya kitu ambacho sikukiomba. Ningesema mapema, usingevalishwa koti."

Luhaga akashusha pumzi mpaka chai ikatikisika kikombeni.

"Sasa tuombe nini?" akauliza Malimi.

Sauti ya Apiyo ilikuwa ndogo, lakini wote tuliisikia.

"Nataka nikimwamkia baba yangu, aitikie."