Mzee Mugeta Anaongea na Grace Tu

Mnisamehe, lakini yule binti Grace nilimchukia. Mume wangu Mugeta, dalali wa ng'ombe aliyekuwaga anasikika mnada mzima, alipata kiharusi wiki ya Pasaka, na tangu hapo nyumbani kwetu Butiama hatoi neno. Lakini kila Jumanne nikimpeleka Musoma kwa Grace, mtaalamu wa mazoezi ya kuongea, anaonyeshwa picha na ulimi unafunguka: "Ng'o... ng'ombe." "Kisu." Halafu anacheka! Mimi niliyemzalia watoto sita, ninayemwogesha, naambulia kutazamwa tu.

"Mama, mkiwa nyumbani msubiri amalize mwenyewe," Grace aliniambia. "Usimsemee."

Ebo! Msichana hata hajaolewa, anifundishe kuishi na mume wangu? Nilimwitikia kwa adabu, nikaondoka nimenuna.

Kwani namsemea? Akifungua mdomo tu, "Cha...", chai imeshafika, asihangaike. Wageni wakimsalimia, nawajibu, "Mzee hajambo, anawashukuru." Huo si upendo?

Jumanne iliyopita alimwambia Grace, "Asante, mwanangu." Bila kukwama! Nikaona wivu. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha.

Nilisonga ugali, nikamtengea na sato. Nikashika jagi na beseni la kunawia, lakini sikummiminia.

"Leo mwambie Grace akunawishe!"

Alinyoosha mkono usiopooza. Sikusogea. Midomo ikaanza kuhangaika, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Moyo uliniuma, jamani, neno lenyewe lilikuwa mdomoni kwangu, lakini kwa ukaidi nikalimeza. Ugali ukaanza kupoa.

"Ma..." akasema. "Ma... maji."

Nusura jagi linidondoke. "Yesu na Maria, amesema maji! Ya kunawa, baba, au ya kunywa? Nikuletee ya uvuguvugu? Au unataka..."

Akaipiga meza kwa mkono wake mzima. Akanitazama, akavuta pumzi.

"Mama Chacha," akasema, polepole. "Nya... nyamaza. Na... nasema mimi."

Nikaketi na jagi mapajani. Machozi yalinitoka, na maneno yalinijaa kifuani, lakini nikafunga mdomo wangu, safari hii bila ukaidi, nikamsubiri.