Gari Haliondoki na Mgonjwa Mmoja

Sheria ile aliitunga mwenyewe, tena kwa mdomo wake, huku anakunywa chai ya bure ya mkutano. Usije ukaambiwa alilazimishwa.

Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la zahanati ya mlimani. Watu walimwita Nusutanki, maana kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuacha mshale wa mafuta ushuke chini ya nusu. Lilikuwa jina la sifa. Kisha dizeli ikapanda bei mara mbili ndani ya wiki tatu, na jina likageuka la kumchekea. Fungu la mafuta lililokuwa linatosha safari kumi na mbili kwa mwezi, kwenda hospitali kubwa ya bondeni na kurudi, sasa lilitoa safari tano, na hizo tano ni kwa kubembeleza. Alizima injini kwenye miteremko. Alishusha tairi la akiba ili gari liwe jepesi. Alimkataza hata mhudumu wa wagonjwa, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, asipande na kikapu chake. "Na huu mwili niuache wapi?" mama akamuuliza. Wapi! Maji yalikuwa yameshazidi unga.

Ndipo mkutanoni akanyanyua mkono.

"Basi la abiria halitoki stendi na mtu mmoja," alisema. "Na sisi tujaze. Mgonjwa akija, amsubiri mwenzake. Wakifika wawili, tunaondoka."

Sista, muuguzi mkuu, mwanamke asiyecheka ovyo, alimtazama kidogo, kisha akaandika. Wenzake wakapiga makofi. Karatasi ikabandikwa mlangoni: gari haliondoki na mgonjwa mmoja. Nusutanki akatembea kifua mbele wiki nzima.

Na ilisaidia, nisiwe mwongo. Wagonjwa walisubiri saa moja, saa mbili, wakapatana wawili wawili, wakafika hospitali. Isipokuwa bibi mmoja aliyesubiri tangu asubuhi hadi alasiri. Binti yake alipiga magoti mbele ya gari, akamshika dereva suruali. "Dada yangu, sheria ni sheria," Nusutanki akamwambia, huku anajinasua polepole. Bibi akafia pale pale kwenye benchi. Watu wakasema umri ulikuwa umekwenda, naye akawakubalia haraka mno. Mkuki kwa nguruwe.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, alikuwa anafuta kioo cha gari alipomwona mkewe anakuja, ameshikiliwa na majirani wawili, nguo imelowa damu. Alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Baba watoto," mkewe akasema, akijitahidi kucheka, "leo nimekuletea abiria."

Sista akampima, akatoka nje anajifuta mikono. Ilikuwa lazima apasuliwe, na pale zahanati hawakuwa wakipasua mtu.

"Damu kwa sasa si nyingi," akasema, "lakini asikae sana."

"Basi twende."

Sista akaitazama ile karatasi ya mlangoni. "Mafuta yaliyomo ni ya safari moja, na mengine ni mpaka Jumamosi. Ufunguo unao wewe. Ukiwasha sikuzuii. Ila niambie nitamjibu nini yule."

Kwenye benchi aliketi binti wa yule bibi. Alikuwa amemleta mwanawe kuchanjwa. Alimtazama Nusutanki tu. Heri angemtukana, maana matusi mtu unaweza kuyajibu.

Ningekuwa mimi ningewasha gari, na wewe ungewasha. Binti yule angetulaani, na laana yake ingetukuta tuko njiani. Nusutanki akashikwa na haya. Haya ni kitu kizuri, lakini ina siku zake, na siku ile haikuwa yake. Akajiambia muda upo, Sista kasema damu si nyingi.

Akarudi kwa mkewe, akamshika mkono.

"Tunamsubiri mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Yeyote."

"Kwa hiyo umekaa hapa unaomba mtu augue."

Na kweli alikuwa anaomba. Aliomba kwa moyo wake wote, kama mkulima anavyoomba mvua: mtu aanguke, avunjike, aungue, lolote lile, mradi iwe upesi.

Nusu saa ikapita bila mtu. Kukaa kukamshinda, akashuka barabarani kwa miguu kwenda kumtafuta mgonjwa. Simu aliiacha inachaji mezani kwa Sista. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake kama kawaida. Ulikuwa mmoja tu, na tangu mafuta yapande hakumwamini mtu nao.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Alibisha nyumba hii na ile. "Hamna mgonjwa humu?" Mwanamke mmoja akamfungia mlango usoni. Kwenye mashine ya kusaga, watu walikuwa wazima, wanacheka. Dukani wazima. Hakuwahi kuona watu wenye afya namna ile, na aliwachukia wote. Mwisho akafika kwa fundi seremala.

"Mgonjwa wa nini?" seremala akamtania. "Wa mapenzi?"

Nusutanki akamweleza habari ya mkewe na ile sheria. Seremala akaweka randa chini.

"Mimi mgongo unaniuma tangu mwaka juzi," akasema taratibu.

"Twende."

"Lakini ni mgongo tu, ndugu yangu."

"Utalala tu kwenye gari. Nakuomba, kaka."

Wakapanda mlima wakikimbia. Saa moja na zaidi ilikuwa imekwisha kupita. Langoni akakuta watu wamesimama, na yule mhudumu akamjia mbio, analia.

"Ulikuwa wapi wewe? Ulikuwa wapi?"

Mgonjwa wa pili alikuja dakika kumi tu baada ya yeye kuondoka, mvunja mawe aliyeporomokewa na kifusi machimboni. Wote wawili walikuwa ndani ya gari, wamelazwa, dripu zimetundikwa, na hakuna wa kuliwasha. Walimpigia simu, ikalia mezani kwa Sista. Walituma watu wamtafute kwa juu, kumbe yeye kashuka chini. Mkewe alikuwa amelala ndani ya gari la mumewe saa nzima, anasubiri dereva.

Seremala akabaki amesimama, hajui aende au abaki.

Nusutanki aliendesha kama kichaa. Safari hii mteremkoni hakuzima kitu. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na kidirisha, akawa anaongea nacho bila kugeuka.

"Mama watoto, unanisikia?"

"Nakusikia. Endesha."

Akamwahidi mambo mengi, mengine hata hayawezekani. Walipolipita daraja akaita tena. Akaita mara ya tatu. Kidirisha kikafunguliwa, na yule mhudumu wa maneno mengi akachungulia.

"Kaka," akasema. "Pole, kaka yangu."

Mguu ukamtoka kwenye pedeli wenyewe. Gari likapunguza mwendo, likaanza kuingia pembeni. Alitaka jambo moja tu: asimame, azunguke nyuma, amshike mkewe angali na joto.

"Usisimame," mhudumu akamwambia, mkono wake begani mwake. "Huyu mwingine bado anapumua."

Akamsikia kweli, mvunja mawe, anakoroma kwa maumivu. Hakulijua jina lake. Alijua tu kwamba ndiye mtu ambaye yeye alikuwa anamwomba kwa Mungu tangu asubuhi.

Akajifuta macho kwa mkono wa shati, akakanyaga mafuta.